Mbwa mgeni msimfunge mnyororo ili mwenyeji amzoee

Mhariri, salaam, na kama umenizidi umri basi shikamoo. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua ukurasa huu kawaida unajaa mambo ya maji, barabara na vumbi la malori ya mchanga, na huku kwetu Goba hayo yote yapo, nisingekosa cha kulalamikia, ila leo mi nimekuja na mbwa. Tena mbwa wawili. Msicheke kwanza.

Ndani ya mwezi huu mmoja nimeona nyumba tatu hapa mtaani zikileta mbwa wa pili. Tangu yale mambo ya panya road, wale vijana wa kuvamia watu na mapanga, watu wengi wanaona mbwa mmoja hatoshi, mmoja akae mbele mwingine nyuma, sawa, sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni namna wanavyowaingiza. Mgeni anashushwa kwenye bajaji, anapitishwa getini, anafungwa mnyororo kwenye mwembe, alafu mwenyeji anafunguliwa bandani na watu wanavuta viti barazani kusubiri wazoeane. Ukiuliza kwanini mgeni afungwe unajibiwa asije akatoroka, ukiuliza wakigombana je, unajibiwa si mbwa hao, watajuana wenyewe. Mi nilifanya hivo hivo kwahiyo siwasemi kwa ubaya, nina kovu mkononi.

Nianze na wa kwanza. Bosi ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama lingine limelala, ana miaka 6. Maisha yake ndo yale ya mbwa wengi wa Dar, mchana bandani, usiku tukishafunga geti anaachiwa, alfajiri anarudi. Tangu aletwe akiwa kachanga ndani ya boksi la mafuta ya kupikia alikuwa hajawahi kutoka nje ya geti zaidi ya siku za chanjo. Yaani dunia yake yote ilikuwa kiwanja cha 20 kwa 30 na kila kilichomo humo anajua ni mali yake, na mimi nikiwemo.

Wa pili alikuja mwaka jana mwezi wa kwanza. Kuna familia ya Salasala ilikuwa inahamia Dodoma kikazi, huko wamepata nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki mbwa, wakawa wanatafuta wa kumchukua. Jike, mweusi, kifua cheupe, miaka kama 2. Alikuwa anaitwa Stela. Sasa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta naye ni Mama Stela, binti yake ndo huyo Stela, mtu mzima na heshima zake, we fikiria mi nasimama uani saa tatu usiku napiga kelele "Stela toka kwenye maua!" Ndo tukambadili akawa Sukari. Kumbadili mbwa jina sio shida kabisa, unaita jipya kila unapompa chakula, wiki haikuisha alikuwa anaitika.

Siku aliyofika nikamfunga kwenye mwembe, Bosi akafunguliwa. Akaja taratibu, mkia juu umekakamaa kama ufito, nywele za mgongoni zimesimama, habweki. Nikamwambia mume wangu, Baba Neema, unaona alivyotulia. Sukari yeye akageuza uso pembeni, akawa analamba midomo, akapiga miayo, nikasema masikini amechoka na safari. Baadae ndo nikaja kuelewa kuwa pale wote wawili walikuwa wanaongea na mi lugha siijui, maana mbwa aliyekakamaa na kukodoa macho kimya ni wa kuogopa kuliko anayebweka, na yule wa kulamba midomo na kupiga miayo hana usingizi wala njaa, ana hofu, anaomba yaishe. Akarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya tatu, mnyororo ukakaza. Sekunde ile ile mnyororo ulipokaza akageuka na meno.

Sitaki kusimulia yote. Ila mi kwa ujinga nikaingiza mkono katikati kumvuta Bosi shingoni, na mpaka leo hatujui ni nani aliyening'ata, Baba Neema anasema Bosi, mi nasema ni yeyote aliyekuwa na mdomo. Baba Neema ndo aliyewaachanisha, alichota ndoo ya maji ya kufulia akawamwagia wote usoni, wakaachiana wanakohoa povu.

Dada mmoja jirani ambaye ni nesi alikuwa anachungulia juu ya ukuta akanipigia kelele nioshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, sio kumwagia spiriti na kufunga kitambaa. Bomba siku hiyo lilikuwa kavu kwahiyo mwanangu Neema alisimama na kopo ananimiminia maji ya chini kabisa ya simtanki huku anaangalia saa. Alafu hospitali, chanjo ya kichaa cha mbwa, na tarehe za kurudi. Pale ndo tulipigia simu Salasala kuuliza kadi ya chanjo ya Sukari, wakasema amechanjwa, ila kadi ipo kwenye moja ya maboksi na maboksi yako kwenye lori njiani. Nesi akaniambia bila kadi hesabu hajachanjwa. Na alikuwa sahihi, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, ni kusubiri kifo, sasa nani acheze na neno "nadhani alichanjwa"? Tukaambiwa mbwa wote wawili wasiuawe wala wasitupwe, wafungiwe kila mmoja peke yake na kuangaliwa siku 10. Walikuwa wazima. Mimi ni fundi cherehani na mwezi wa kwanza ndo msimu wa sare za shule, nilikaa na mkono umefungwa bandeji wakati wazazi wanagonga geti wanataka masketi yao, hasara hiyo siisemi hapa.

Sasa sikilizeni alichosema bwana mifugo alipokuja kuwaangalia. Akauliza ilikuwaje, nikamweleza, akacheka akatikisa kichwa. "Mama, umemfunga mgeni alafu ukamleta mwenye nyumba amsalimie? Hiyo si salamu, hiyo ni kumshikia mtu mikono apigwe." Akanieleza mbwa akiwa na hofu ana njia mbili tu, kukimbia au kupigana, ukimfunga mnyororo umemnyang'anya moja, imebaki ile nyingine. Na yule mwenyeji naye anaona mgeni haondoki hata akimkanya, kwahiyo anazidisha. Nimelifikiria neno hilo muda mrefu na ndo sababu ya barua hii, maana wote tunaamini mnyororo ni wa usalama kumbe ugomvi unaanzia pale pale kwenye mnyororo.

Baba Neema alitaka Sukari arudishwe. Arudishwe wapi, Dodoma? Na mwenyewe alikuwa anatia huruma. Siku tatu hakula, alijificha nyuma ya simtanki, na kila ikipita gari ya Noah barabarani anakimbilia getini anasimama wima kusikiliza, maana wale wenyewe wa Salasala walikuwa na Noah. Ikishapita anarudi nyuma ya tanki. Mi nikasema huyu haendi popote.

Tukaanza upya. Kwanza tulikata ua mara mbili kwa wavu wa kuku na nguzo za mirunda, kazi ya nusu siku, Sukari upande wa nyuma, Bosi upande wa mbele, wanaonana lakini hawafikiani na hakuna aliyefungwa. Kila asubuhi nilikuwa nabadilisha magunia yao ya kulalia, la huyu nampelekea yule, la yule huyu, ili harufu iwe imeshazoeleka kabla mwenyewe hajaja. Bosi siku ya kwanza alilikojolea gunia la Sukari. Ya tatu alilinusa tu akalala juu yake. Usiku tuliwapa shifti kama walinzi, leo huyu anazunguka yule yuko bandani, kesho kinyume, ili kila mmoja apite kwenye nyayo za mwenzake pasipo kukutana. Chakula, ugali wa dona na dagaa, kila mmoja kwenye sufuria lake, kwanza mbali na wavu, alafu kila siku nasogeza hatua moja, mpaka wakawa wanakula wameelekeana wavu katikati. Siku akikoroma mmoja, yaani kunguruma kwa hasira, kesho yake narudisha nyuma hatua mbili. Na kwenye kukoroma hapo nisisitize jambo, watu wengi mbwa akikoroma wanampiga ndala, wanasema anakosa adabu. Kukoroma ni honi, anakuambia ondoa hiki kitu. Ukimpiga ndala akiacha kukoroma hujamuondolea hasira, umemkatia honi tu, siku nyingine atang'ata kimya kimya.

Kazi kubwa ilikuwa nje. Bwana mifugo alisema wakutane mahali ambapo si pa Bosi wala pa Sukari, kiwanja ambacho hakuna mwenye nyumba. Hapo ndo Dar inakuwa ngumu, maana mtaa wetu sio wa watu kutembea na mbwa, na mbwa mwenyewe kamba haijui. Siku nne tulizunguka na Bosi nje ya geti peke yake kumfundisha tu kwenda na kamba, analala chini kama mbuzi wa mnadani, watoto wanamfuata nyuma wanacheka, bodaboda mmoja akaniuliza "mama unampeleka wapi huyo, shule?" Nikamjibu ndio, na sare yake nimeshona mwenyewe.

Kiwanja kilichopo ni cha mpira, na njia ya kwenda pale anapita mzee wetu mmoja anayetoka msikitini alfajiri. Mbwa akimgusa na mate nguo yake imeshanajisika, aioshe mara saba na moja iwe kwa udongo, sasa unamtia mzee wa watu kwenye shughuli hiyo saa kumi na moja asubuhi kwa sababu gani? Nilimfuata kwake nikamweleza. Mzee akasema nipe mpaka saa kumi na mbili, ukishaona taa yangu ya barazani imezimwa ujue nimeingia ndani. Mpaka leo ndo saa yetu, taa ikizimwa tunatoka. Nawaambia wenye mbwa wengi wangefanya hivo ugomvi mwingi wa majirani usingefika kwa mwenyekiti wa mtaa.

Basi siku ya kwanza Baba Neema na Bosi goli la huku, mi na Sukari goli la kule, kila mtu anatembea na wake kuelekea upande mmoja, hakuna kuelekeana. Mbwa hawapendi kuletwa uso kwa uso kama mabondia, hata wa mtaani wanaokutana wenyewe wanazunguka pembeni kwa pembeni, wananusana nyuma, wanaachana. Kamba ilegee, maana ukiivuta naye anajua wewe umeogopa na kama wewe umeogopa basi kuna jambo. Hiyo ya kamba kulegea kuisema rahisi, mkono wangu wa kovu ulikuwa unajikaza wenyewe, mwishoni nikahamishia kamba mkono wa kulia. Kila siku tulisogea kidogo, boksi ya penati, duara la kati, mpaka siku ya tisa tukawa tunatembea sambamba kama watu wanaokwenda sokoni, mita mbili.

Siku hiyo tukawaacha wanusane. Sekunde tatu, nikamwita Sukari nikampa kipande cha dagaa, Baba Neema akamwita Bosi. Tena sekunde tatu. Mara ya tatu Sukari akalaza miguu ya mbele chini, matako juu, mkia unayumba, Bosi akamwangalia kama mzee aliyeombwa kucheza muziki harusini, akapiga chafya, alafu akaruka upande. Baba Neema ambaye alitaka kumrudisha akageuka kuangalia pembeni, anasema vumbi la kiwanjani lilimwingia machoni.

Kurudi nyumbani tuliingia getini wote wanne kwa pamoja bila kusimama, na kabla ya hapo Neema alishaambiwa aondoe masufuria, magunia, mifupa, kila kitu cha kugombewa. Kilichosahaulika ni mimi. Usiku nikishona barazani Bosi huwa analala chini ya cherehani, miguuni kwangu, sasa Sukari akaja naye kulala pale, Bosi akakakamaa vile vile kama siku ya kwanza. Kumbe mfupa wa kugombewa nilikuwa mimi mwenyewe. Nikainuka nikaingia ndani, nikawaacha bila cha kugombania, na nikawa nafanya hivo kila akikakamaa, mpaka akaona kumzuia mwenzake kunamkosesha na yeye. Wiki ya tatu waligombana tena kwa sababu mdogo wake Neema aliwarushia kichwa cha kuku katikati, ila safari hii hakuna aliyeingiza mkono, ndoo ya maji ilikuwa tayari pembeni, ikaisha kabla damu haijatoka. Nyumba yenye mbwa wageni kwa wageni iweke ndoo ya maji karibu, au gonga masufuria kwa nguvu, au warushie shuka kubwa, lakini mkono hapana.

Mama mmoja nilipomweleza haya alisema unamlea mbwa kizungu. Uzungu gani jamani, wavu wa kuku na kamba mbili za katani? Hata mke mdogo haletwi siku ya kwanza akakabidhiwa jiko la mke mkubwa. Na muda wote huu ilikuwa kama wiki tano mpaka tulipoondoa wavu, na sisi tulianza vibaya, wasiogombana siku ya kwanza huenda wakahitaji pungufu. Sukari kutulia kabisa, kuacha kukimbilia Noah, ilichukua miezi mitatu.

Mambo madogo niyapitie haraka. Mkichukua mbwa kwa mtu chukueni na kadi ya chanjo mkononi, sio kwa mdomo, na muulize anagombea nini, chakula au mtu. Mnaohama mkaacha mbwa, kadi msiipakie kwenye lori. Dume na jike mara nyingi wanaelewana haraka kuliko jinsia moja, ila jike akiingia joto madume ya mtaa mzima yanahamia getini kwako na ndani ya miezi miwili na kidogo una watoto wanane wa kugawa, kwahiyo mfungisheni kizazi, sisi daktari wa mifugo alitufanyia. Kama mgeni ni kitoto, hakikisha hapo kwako hakujafa mbwa kwa ugonjwa wa parvo, virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi mingi. Na watoto wa binadamu wasiachwe peke yao na mbwa hao siku za mwanzo, hilo halina mjadala.

La mwisho ni la wahusika wa mitaa. Kila mwaka inapokaribia tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, gari la matangazo linapita na wote tunapeleka mbwa chini ya mkorosho karibu na ofisi ya mtaa. Ni jambo zuri mno na mi sikosi. Lakini mbwa 40 ambao hawajawahi kutoka nje ya geti wanapangwa foleni moja kwa minyororo mifupi, pua ya huyu kwenye mkia wa yule, wanakakamaa, wanavutwa, wanapigwa fimbo wakikoroma, mwaka jana niliona kijana akiburutwa chini mpaka shati likachanika. Chanjo yenyewe ni sekunde chache tu. Si mngetoa namba, watu wakae na mbwa wao mbali kivulini, wakaitwa mmoja mmoja? Mkorosho ni mkubwa na kiwanja kipo.

Saivi Bosi na Sukari wanalala gunia moja, la pili limekaa bure. Wanakula pamoja, wanabweka pamoja, wanamwogopa paka wa Mama Stela pamoja. Kitu kimoja tu bado sijathubutu, mfupa. Nikinunua mguu wa ng'ombe buchani wa Bosi anapewa bandani na wa Sukari nyuma ya simtanki, na mlango wa banda naufunga kwa komeo. Kama kuna msomaji mwenye mbwa wawili waliokuja wakiwa wakubwa na anawapa mifupa wakiwa pamoja bila fujo, naomba aandike kupitia gazeti lako aseme alianzaje.

Mama Neema, fundi cherehani,
Goba, Dar es Salaam.